Pedali ya zamani ya dramu inalia, lagi zinavuma: tufanyeje bila vipuri?

Isevya_Ridhimu (Tabora)
Wakuu, habari za humu. Tuna seti ya zamani ya dramu ya kampuni ya Ludwig, vyuma vyake vingi ni vya asili. Shida ni tatu. Pedali ya ngoma ya besi ni ya aina ya Speed King, inalia kila ikikanyagwa, na maiki ya besi inadaka mlio wote. Tomtom ndogo nayo ikipigwa inabaki na uvumi mwembamba wa chuma kwenye lagi (vile vyuma vya ubavuni mwa ngoma vinavyoshika bolti) hata ngozi ikishanyamaza. Tatu, bolti mbili za kukazia ngozi zimeliwa nyuzi, na madukani tumepata bolti za kipimo cha M5 na M6 (milimita 5 na 6) tu. Kuna anayeshauri tupulize WD-40 (ile dawa ya kopo ya kulegeza kutu) kila mahali tumalize kazi. Mnasemaje?

Fundi_Chuma_Cheyo
Msipulize. WD-40 inalegeza kutu na kufukuza maji, hapo inafaa, ila kwenye chuma kinachosuguana muda wote haikai. Inakauka inaacha utando, utando unadaka vumbi, na vumbi la kiangazi cha Tabora mnalijua. Wiki mbili mlio umerudi, safari hii na mchanga ndani.

Anzeni kwa kutafuta inalia wapi. Itoeni pedali kwenye besi, ikandamizeni kwa mkono polepole. Shikeni bisibisi ndefu, ncha iguse chuma, mpini uwe sikioni, kama fundi gari anavyosikiliza beringi. Speed King ina sehemu nne za kushuku: springi, beringi mbili za juu unapozunguka mshikio wa kigongeo (kile kinachopiga ngozi ya besi), pini za kiungo cha chuma kinachoshuka hadi kwenye ubao wa mguu, na bawaba ya kisigino. Nyingi zinalia kwenye springi. Springi zake haziko nje zikivutwa kama kwenye pedali za siku hizi; zimo ndani ya zile nguzo mbili za pedali na zinabanwa. Grisi ya zamani ikigeuka gundi, springi inasugua ukuta wa nguzo.

Ipindueni. Chini ya kila nguzo kuna skrubu ya bisibisi bapa. Fungueni nguzo moja kwanza, mkihesabu mizunguko hadi itoke, na muiandike mahali. Wekeni kitambaa juu ya mkono, maana springi imebanwa na inaweza kuruka. Osheni springi na vilivyotoka nayo kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, pitisheni kitambaa kilichozungushwa kwenye kijiti ndani ya nguzo mpaka kitoke safi, kisha acheni vikauke kabisa. Pakeni grisi ya beringi utando mwembamba tu, kiasi cha punje ya haragwe kwa springi moja. Ikijaa, pedali inakuwa nzito na mguu unachelewa. Rudisheni kwa idadi ileile ya mizunguko, ndipo mhamie nguzo ya pili. Nguzo moja ikikazwa kuliko mwenzake, mshikio unavutwa upande na beringi zinaliwa mapema.

Beringi, pini na bawaba: tone moja moja la mafuta ya cherehani, chezesheni, futeni yanayomwagika. Mafuta ya kula hapana, yanaganda.

Kama badala ya kulia inagonga "tik", hilo si suala la mafuta. Angalieni skrubu inayoshika fimbo ya kigongeo, halafu ile ya kubana pedali kwenye ringi ya besi.

Mpiga_Ngoma_Urambo
Uvumi wa tomtom unatoka ndani ya lagi. Lagi za miaka ile zina nati inayochezacheza, imeshikiliwa na springi, na springi hiyo inaimba ngoma ikitikisika. Vueni ngozi zote mbili, gongeni kila lagi taratibu kwa mpini wa ufunguo wa dramu. Inayoimba mtaijua papo hapo. Fungueni skrubu zake kwa ndani ya ngoma, toeni springi, jazeni pamba, rudisheni.

Mkirudisha msikaze kwa hasira. Lagi nyingi ni zinki ya kumimina. Inapasuka pale skrubu inapoingia, na ufa wa zinki hauchomelewi. Ikishika, robo mzunguko inatosha.

Mwanga_Bichi (Kigoma)
Yote sawa, ila pamba naipinga. Huku ziwani pamba inavuta unyevu, springi inaota kutu, na kutu inakula nati. Hata Tabora masika yapo. Kateni kipande cha felti chembamba mkizungushie springi, au mwombeni fundi umeme ule mpira wa nyaya unaobana ukipashwa moto. Springi ivalishwe tu, iendelee kusukuma nati. Msiitupe: bila springi nati inadondokea ndani ya lagi kila mkibadilisha ngozi.

Msije pia mkaloweka lagi kwenye siki kuondoa kutu. Siki ifanyie skrubu za chuma tupu, usiku mmoja, kisha maji yenye magadi, kisha kukausha. Zinki inaliwa na siki, na kromu yenye vitundu inaanza kubanduka kwa chini. Kutu ya juu ya kromu isugueni kwa foili ya kufungia chakula iliyokunjwa na kulowekwa maji. Aluminiamu ni laini kuliko kromu, haichubui. Steluli ya kusugulia masufuria iacheni jikoni.

Isevya_Ridhimu
Asanteni sana. Mlio wa pedali upo kwenye nguzo ya kushoto, bisibisi imesema. Na zile bolti? Kuna fundi anataka kulazimisha M6.

Fundi_Chuma_Cheyo
Mzuieni! Nyuzi za Ludwig ni 12-24: unene karibu milimita 5.5, nyuzi 24 kwa inchi. M5 ni nyembamba na nyuzi zake zimekaribiana zaidi. Itashika kidogo halafu inachomoka ngozi ikivutwa. M6 inadanganya, kwa sababu nafasi ya nyuzi zake inakaribia ya 12-24, ila ni nene. Ikilazimishwa inachana nati ya ndani, na hapo mmebadilisha tatizo la bolti mbili kuwa tatizo la lagi.

Tafuteni seti mbovu ya Kichina iliyokaa stoo kanisani au shuleni. Nyingi zinatumia 12-24 hiyohiyo. Pimeni urefu kuanzia chini ya kichwa hadi ncha, na mjaribu kwa vidole: ikiingia mizunguko mitano bila ufunguo, ndiyo yenyewe. Ikigoma, acheni.

Kabla ya kufunga, chovyeni nyuzi kwenye nta ya nyuki iliyoyeyushwa kidogo. Nyie Tabora nta mnayo hadi ya kuuza. Inalainisha na pia inazuia bolti kulegea yenyewe ngoma ikipigwa. Chini ya kichwa wekeni washa ya chuma, na chini yake ya ngozi. Fundi viatu atawatobolea kumi kwa dakika chache.

Mwanga_Bichi (Kigoma)
Nyongeza kwa stendi za matoazi: kipande cha mpira wa petroli wa pikipiki, sentimita tatu, kivisheni ule msumari wa juu pale toazi linapokaa. Chuma kisiguse chuma. Hakikisheni toazi linayumba kwa uhuru, maana likibanwa linaweza kupasuka.