Cheni inalia, breki hazishiki: nipake nini, wapi?

Kasarani_Mjini: Wadau, baisikeli yangu ni ya gia, breki za raba zinazobana rimu. Tangu masika yaanze cheni inalia, na nikiteremka breki hazishiki, zinapiga kelele tu. Nimeshauriwa nipake cheni oili chafu ya gari, na breki nazo nizitie tone la mafuta zinyamaze. Ni sawa?

FundiCheni: Breki usizitie mafuta hata chembe! Utateremka na usisimame. Oili chafu pia achana nayo: ina masizi na unga wa chuma, itaila cheni.

Sugua cheni kwa mswaki mkuukuu na mafuta ya taa mpaka chuma kionekane, kisha uikaushe kabisa. Tia oili ya cherehani, tone moja kwa kila pingili, upande wa ndani unaokaa kwenye meno. Zungusha pedali kinyumenyume kama mara 20, ngoja dakika 10, halafu pangusa cheni mpaka kitambaa kitoke karibu kikavu. Hapo kwenye kupangusa ndipo wengi huharibu. Oili yenye kazi ni ile iliyopenya kwenye pini. Inayobaki nje hukamata vumbi la murram ikawa msasa, au hurukia rimu. Oili hii ni nyepesi, mvua kubwa huiosha, kwa hiyo rudia kila ikinyesha sana.

RimuKavu: Upande wa breki: futa rimu kwa spiriti na kitambaa ambacho hakijagusa cheni. Vua raba, zikwangue kwa msasa namba 100 mpaka ule mng'ao uishe. Zitazame kwa karibu, utaona punje za mchanga na vipande vya alumini vimejikita. Vichokoe kwa sindano, maana ndivyo vinavyochimba rimu. Raba iliyokunywa mafuta itupe.

Kelele: legeza nati, weka kadi ya ATM kati ya rimu na ncha ya nyuma ya raba, bana breki, kaza, chomoa kadi. Raba sasa itagusa kwa mbele kwanza. Na rimu ikiwa imelowa, anza kubana polepole mapema ili raba ifute maji kwanza.

Kasarani_Mjini: Asanteni sana. Breki zimenyamaza na zinashika. Cheni bado inaruka meno nikipanda mlima.

FundiCheni: Hiyo imevutika. Weka rula katikati ya pini, hesabu pingili 24: cheni mpya ni inchi 12 kamili. Ikizidi kwa 1/16, badilisha cheni. Ikifika 1/8, gia za nyuma nazo huwa zimeliwa. Nunua vyote pamoja, la sivyo cheni mpya itaruka vilevile.