Dabo ya .470 (bunduki ya mitutu miwili) imetoa risasi zote mbili kwa pamoja, shida ni kidole changu au bunduki?

Kijana wa Kitalu
Habari zenu wakuu. Mimi ni mwaka wa pili huu najifunza uwindaji bingwa, tupo upande wa Rungwa, na mzee ninayefanya naye kazi ameanza kuniazima dabo yake ya .470, ya zamani, triga mbili, ya mbele ni mtutu wa kulia ya nyuma ni wa kushoto. Juzi tunapiga shabaha kambini, nimefyatua mara nne safi kabisa, ya tano ikanipiga teke nikarudi hatua mbili, bega likafa ganzi. Nikajua labda sikuikaza begani. Kufungua hivi nakuta fataki zote mbili, vile vidonge vya nyuma ya ganda vinavyowasha baruti, zimegongwa!! Na mlio nilisikia mmoja tu. Kwenye ubao kuna tundu moja, la pili halipo kabisa. Naapa triga ya nyuma sikuigusa. Bega litapona, ila mgeni aliyekuja kuwinda akijeruhi nyati akaingia kichakani sisi ndio tunamfuata, na dabo tunaibeba kwa sababu ya ile risasi ya pili, sasa zikitoka zote mara moja si nitasimama mbele ya mbogo na chuma tupu? Naombeni msaada.

Mzee wa Maji Moto
Pole kijana wangu. Karibu kila mtu huapa hivyo na anasema kweli, maana hakujua kama ameigusa. Ukivuta ya mbele bunduki inarudi nyuma kwa nguvu, kama kiganja kiko legelege kinaachwa, halafu mkono unakaza wenyewe kujishikilia na kidole ambacho bado kinavuta kinateleza kutoka triga ya mbele kinatua kwenye ya nyuma. Ni kufumba na kufumbua, ndio maana ulisikia mlio mmoja. Dawa yake ni mikono. Wa mbele ushike mbao na mitutu kwa nguvu uivutie begani, wa nyuma ukabe shingo ya kitako kama unakaba mpini wa shoka, kidole tu ndio kiwe laini. Na usije ukaweka vidole viwili, kimoja kila triga, nimeona vijana wanafanya hivyo wakidhani watawahi.

Fundi Vyuma
Mzee shikamoo, nakubaliana na wewe ila dabo ya zamani usiisingizie kidole kabla hujaipima. Ndani kila mtutu una nyundo yake na jino linaloishika, jino likilika au grisi ya zamani ikigandia pale, teke la risasi ya kwanza linatosha kuiachia nyundo ya pili bila mtu kugusa kitu. Baadhi zina jino la ziada la kudaka nyundo ikichomoka, nyingine hazina. Fanya hivi, hakikisha iko tupu, angalia tena, weka risasi bandia zile za kulinda pini, funga, vuta ya mbele, toa kidole kabisa, gonga kitako kwenye zulia nene, halafu vuta ya nyuma. Isipolia ta! ujue nyundo ilishaanguka yenyewe. Rudia kwa kuanza na ya nyuma. Ikipita hapo nenda uwanjani, kulia risasi ya kweli, kushoto ganda lenye fataki peke yake bila baruti, kila ukifyatua fungua uone kama ile fataki imeguswa. Ikifeli popote usiipige tena, maana risasi ya .470 ina gramu 32, bunduki ya kilo 5 ikisukuma mbili kwa pamoja shingo ya kitako inaweza kupasuka.

Nyayo Mbichi
Mimi naanza na triga ya nyuma siku zote, kidole kikiteleza hakina pa kwenda. Na ukianza na ya nyuma halafu ya mbele ikatoka yenyewe, hapo kidole hakihusiki, ni chuma.

Mzee wa Maji Moto
Hiyo kweli, ila chagua moja uizoee. Mbogo akija hutapata muda wa kukumbuka uanze na ipi.

Kijana wa Kitalu
Wakuu nimerudi. Ya zulia imepita pande zote. Uwanjani nikianza na ya nyuma, mara sita, hakuna kitu. Nikianza na ya mbele ya tatu tu fataki ya kushoto imegongwa! Mwenzangu alikuwa anarekodi na simu slo-mosheni, tumeangalia, kidole kinaonekana kabisa kinaruka kwenda nyuma na mkono wa mbele umefunguka kama nimeshika kikombe. Mzee Maji Moto ulisema kweli, na Fundi ahsante maana bila kupima nisingeamini. Sasa nakaza mikono na nimeamua kuanza na ya nyuma. Mgeni anaingia Alhamisi, mzee kasema mpaka nipige ishirini mfululizo bila fataki ya pili kuguswa, kwa sasa nabeba .375 ya bolti, ile ya mtutu mmoja. Nimefika kumi na moja.