MREJESHO: Bakteria wa Vibrio wa hori ya Tudor, Mombasa, hatimaye wameota kwenye TCBS

Shukran nyote mliojibu. Swali lilikuwa hili: sampuli za maji za utafiti wa PhD, ninamotafuta Vibrio cholerae wa kipindupindu, haziotishi chochote kwenye TCBS, aga (jeli ya kuoteshea bakteria) ya kuchagulia vibrio.

Aliyesema aga hii haiingizwi kwenye otoklevu (mtungi wa mvuke wa kuua vijidudu) alipatia. Inachemshwa tu huku ikikorogwa mpaka iyeyuke, kisha inamwagwa ikipoa kufikia nyuzi 50 hivi. Chupa za sampuli nazo hazilazwi tena juu ya barafu, vibrio hawapendi baridi; zinasafiri kwenye kasha, kivulini. Halafu sampuli inakuzwa kwanza kwenye maji ya peptoni (mchuzi wa kukuzia bakteria) ya pH 8.6, saa 6 hadi 8 kwa nyuzi 37. Kitanzi cha kuchotea kiguse utando wa juu tu, na chupa isitikiswe!

Koloni za manjano zimejaa, ila furaha ni nusu: nyingi ni Vibrio alginolyticus, manjano vilevile kama V. cholerae. Mchuzi wa triptoni 1% bila chumvi ndiyo iliyozitenga, V. cholerae hukua humo, mwenzake hakui.

Ushauri wa kupima oksidesi (kimeng'enya kinachosaidia kutambua bakteria) moja kwa moja kutoka TCBS ndio uliofeli. Majibu yalidanganya hadi koloni zilipohamishiwa aga ya kawaida.

Koloni zilizobaki zinasubiri antisera (seramu za kutambulia aina) ya O1 na O139, aina za V. cholerae zinazoleta milipuko ya kipindupindu.