Kununua wimbo mmoja mmoja au kulipia kwa mwezi?

KandaKuukuu:
Wakuu, nisaidieni. Miaka mitatu nimelipia huduma moja ya muziki kila mwezi, jina naliacha. Nilishapakua nyimbo kama 400, nikajihesabia ni zangu. Mwezi uliopita kadi yangu ya benki ikaisha muda, malipo yakagoma. Niko safarini na baba mkwe ndani ya gari, nafungua simu: majina ya nyimbo yote yapo, ila ya kijivu, ukigusa hayaitiki. Mzee akaniuliza, "Sasa mwanangu, ulinunua nini?" Nikajifanya nakazana na barabara.

Nataka nyimbo za kuweka kwenye flashi, maana redio ya gari inasoma MP3 tu. Za wizi sitaki. Wapi ni nafuu, na masharti yakoje?

SikioLaTatu:
Pole mkuu, ulikuwa umekodi. Ndivyo zilivyo huduma za mwezi. Spotify kwa mfano: unapakua hadi nyimbo 10,000 kwa kila kifaa, vifaa visizidi 5, na lazima uingie mtandaoni walau mara moja kila siku 30. Faili zimefungwa ndani ya programu, kwa hiyo flashi sahau.

MamaSanturi:
Piga hesabu kwanza. Marekani, Spotify ilikuwa dola 9.99 kwa mwezi tangu 2011 hadi 2023, ndipo ikapanda. Hiyo ni kama dola 120 kwa mwaka, sawa na nyimbo 120 za senti 99 ambazo zingebaki kwako hata ukiacha kulipa. Je, kwa mwaka unapata nyimbo mpya 120 za kutunza? Mimi sifikishi hata 30.

Duka la iTunes la Apple lilipoanza 2003 faili zilikuwa na kufuli, zikicheza kwenye kompyuta chache ulizoziidhinisha tu. Amazon walianza 2007 na MP3 zisizo na kufuli, Apple nao wakaondoa la kwao 2009. Angalia hapa lakini: za Apple ni AAC, aina nyingine ya faili, si MP3. Redio yako ikizikataa, itabidi uzigeuze.

Mimi napenda Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni. Msanii ndiye anayepanga bei, wenyewe wanakata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali (10 akishauza sana), nawe unachagua MP3 au FLAC (faili kubwa zaidi, lisilopoteza ubora wa sauti). Kasoro yake ni kwamba mastaa wengi wakubwa hutawakuta. Na popote unaponunua, weka nakala mahali pengine siku hiyohiyo. Duka likifunga, hutakuwa na pa kupakulia tena.

KandaKuukuu:
Asante dada. Nimekaa nikahesabu: katika zile 400, ninazozirudia ni 63. Sasa, nikinunua naweza kumwekea mzee kwenye flashi yake? Na nikizichoka, nauza?

SikioLaTatu:
Kuuza hapana. Kampuni ya ReDigi ilijaribu soko la faili zilizotumika, mahakama ya rufaa Marekani ikaikatalia 2018. Na leseni ni ya matumizi yako binafsi, kwa hiyo ya mzee anunue mwenyewe. Halafu faili za iTunes hubeba taarifa za akaunti yako ndani, zikizagaa zinajulikana zilikotoka.

KandaKuukuu:
Nimemwambia. Kasema yeye ana CD zake kwenye sanduku, atakuja nazo safari ijayo. Gari halina pa kuziingiza.