Kazi ya kuunganisha chuo na jamii zilizosahaulika, naanzia wapi?

Wadau habarini, nimesoma sosholojia na nimefanya volantia kwenye miradi ya afya miaka miwili, sasa nataka ile kazi ya kuwa katikati ya chuo kikuu na jamii ambazo hazifikiwi. Je ni kazi ya kudumu au ni ya projekti tu, ikiisha nawe umeisha?

Jibu: Mkuu, nyingi ni za mkataba, zinafuata ruzuku ya miaka miwili mitatu hivi. Ukiona tangazo uliza kwanza mshahara unatoka bajeti ya chuo au kwa mfadhili, hapo ndo utajua. Tafuta pia Talloires Network, ni mtandao wa vyuo wa mambo haya haya toka 2005.

Jibu: Naongezea. Digrii itakuingiza mlangoni ila kazi yenyewe ni kukaa na watu, unaenda mikutano yao hata kama huna ajenda, unasikiliza, unarudi tena, na profesa akija na dodoso lake tayari limeshaandikwa unamwambia hapana prof, tuanze na wao wanataka kujua nini. Watu wamechoka kuhojiwa af matokeo hawayaoni. Andikeni mapema data ni ya nani na nani analipwa, maana mwanajamii anayetumia siku nzima kwenye utafiti wenu naye ana kazi zake. (Hili vyuo hawalipendi.)

Muuliza swali: Asanteni, hilo la bajeti sikuwa nimeliwaza kabisa aisee.