Mada: Nimetozwa £150 kwa kosa la kulipa deni la nyumba mapema

Kutoka: Aminieli, Reading (kwa sasa Kibosho, Moshi), 14 Januari 2025

Ndugu zangu, salaam. Ninaandika nikiwa barazani kwa mama, na niombe radhi mapema kwamba majibu yangu yatachelewa, kwa kuwa umeme wa huku una ratiba yake.

Juzi nimepata barua pepe kutoka benki inayoshikilia mkopo wa nyumba yetu, ikinijulisha kwamba nimevuka kiwango cha malipo ya ziada na kwamba nimekatwa ERC (ada ya kulipa mkopo mapema) ya £150. Hali yenyewe ni hii. Mwezi Juni mwaka jana tulifunga riba ya 4.5% kwa miaka 5, deni likiwa £142,000 na muda uliobaki ni miaka 22. Tangu mwezi huo nimekuwa nikiongeza £150 juu ya malipo ya kawaida. Zaidi ya hapo, mimi na mke wangu tuna majina mawili kwenye mchezo wa watu 20 wa kupeana fedha kwa zamu, kila jina £400 kwa mwezi. Zamu yangu iliangukia Desemba na yake Januari mwanzoni, na mara zote mbili hizo £8,000 tulizipeleka moja kwa moja kwenye deni kabla hazijazoea kukaa nasi.

Kiwango cha 10% ya deni kwa mwaka nilikijua, yaani £14,200, na ndiyo sababu nikaona ni vyema nusu iingie kabla ya mwaka mpya na nusu baada yake. Kumbe kwa benki hii mwaka hauanzi tarehe 1 Januari, bali unaanza siku mkataba wa riba ulipoanza. Kwa hiyo miezi 8 ya £150 ni £1,200, ukijumlisha na £16,000 inakuwa £17,200, iliyozidi ni £3,000, na 5% yake ndiyo hiyo £150: kiasi kile kile ninachokipata kila mwezi kwa kubeba makande kazini badala ya kununua chakula cha mchana.

Hilo ningelimeza. Kinachoniudhi ni kwamba barua hiyo hiyo inanipongeza kuwa malipo yangu ya mwezi yameshuka kutoka £848 hadi £743, wakati mimi sikuomba kupunguziwa malipo. Nilitaka muda upungue. Naomba kujua mambo mawili: je, kuna aliyewahi kurudishiwa ERC, na je, ombi la kupunguza muda linaandikwaje? Nimejaribu kuwapigia, lakini namba yao ya bure haipatikani kutoka huku, na ile nyingine inataka nithibitishe kwa tarakimu zinazotumwa kwenye laini yangu ya Uingereza, ambayo tangu nishuke uwanja wa ndege wa KIA haijapokea ujumbe hata mmoja.

Kutoka: Mama Neema, Leicester

Pole sana kaka Aminieli, na utusalimie mama. Kwa maoni yangu hiyo barua ya pongezi si msiba. Wao wakikata £743, wewe jiongezee mwenyewe ile £105 waliyokupunguzia pamoja na £150 yako ya siku zote, na deni litaisha tarehe ile ile ambayo lingeisha kama wangekufupishia muda. Tofauti ni kwamba ukibanwa mwezi mmoja, unaweza kurudi kwenye £743 bila kumwomba mtu, ilhali muda ukishafupishwa rasmi, kile kiasi kikubwa kinageuka kuwa lazima.

Ninasema hivi kwa sababu mimi nilikuwa mkali wa malipo ya ziada kuliko wote humu. Kila jioni niliangalia salio, na kama linasoma £437.62, basi hiyo £7.62 ilikwenda kwenye deni papo hapo. Ndani ya mwaka na nusu nilikuwa nimeingiza zaidi ya £6,000. Kisha baba akalazwa hospitali ya KCMC ghafla, na akaunti yangu ya akiba ilikuwa na £212. Nilipiga simu benki nikiuliza kama naweza kurudishiwa angalau elfu moja, na kijana wa upande wa pili akaniambia kwa upole mkubwa kwamba nikitaka fedha ninaweza kuomba mkopo mpya. Nauli niliilipia kwa kadi, na riba ya kadi ile ilikula faida ya zile £7.62 za miezi mingi.

Kutoka: Elia, Milton Keynes

Dada, kwa heshima zote, umempa kaka ushauri utakaomgharimu. Hiyo £105 nayo ni malipo ya ziada na inahesabiwa ndani ya 10%. Yeye kiwango chake kimekwisha hadi Juni. Akianza Februari kutuma £255 kama ulivyomwelekeza, atakatwa £12.75 kila mwezi. Aisimamishe hata ile £150, aweke zote kwenye ISA (akaunti ya akiba isiyokatwa kodi), kisha azipeleke kwa mkupuo Juni hesabu mpya inapoanza.

Kuhusu ERC, alalamike kwa maandishi. Wana wiki 8 za kumpa jibu la mwisho, na asiporidhika aende kwa Ombudsman, msuluhishi wa malalamiko ya fedha, ila mkataba ni mkataba.

Mimi sijawahi kulipa hata senti ya ziada, na siyo kwa uvivu. Nilifunga riba ya 1.79% mwaka 2021 kwa miaka 5. Riba ya Benki Kuu ya Uingereza ilikuwa 0.1% karibu mwaka huo wote, ikapanda hadi 5.25% Agosti 2023, na akaunti za akiba zikapanda nayo. Kwa nini niharakishe kulipa deni la 1.79% wakati ISA inanipa zaidi ya 4% na haikatwi kodi? Ninajaza humo ninachoweza, chini ya ile £20,000 ya mwaka, na 2026 mkataba ukiisha nitalipa fungu kubwa kabla sijaangukia SVR, yaani riba ya kawaida ya benki isiyofungwa, bila ERC yoyote.

Kutoka: Mama Neema

Nashukuru kwa kusahihishwa, ingawa sikutaja Februari mahali popote. Mwenye 1.79% anahesabu kwa utulivu. Kwa 4.5% ya kaka Aminieli, ile £150 peke yake ingetoa takriban miaka 5 kwenye hiyo 22 na kumwokolea zaidi ya £20,000 za riba. Nimepiga hesabu hiyo kabla ya kuandika.

Kutoka: Mzee Lyimo, Njiro, Arusha

Wanangu, ninawasoma na ninacheka peke yangu. Mnagombania 4.5%! Nilirudi nyumbani nikakopa shilingi milioni 60 kumalizia nyumba, riba 17%, miaka 15. Malipo ya mwezi yalikuwa kama shilingi 923,000, na katika mwezi wa kwanza 850,000 zilikuwa riba tupu. Nyumba yenyewe nilikuwa nimeilipa shilingi 73,000, ambazo hazinunui hata mlango wa choo.

Mke wangu ndiye aliyetuokoa. Alikuwa na kuku wa mayai nyuma ya nyumba, na banda la uani tulilipangisha kwa mwalimu mmoja. Tukaamua kwamba fedha ya trei na ya mpangaji haitanunua kitu kingine, na kila tarehe 5 nilipeleka shilingi 200,000 za ziada. Kwa mwendo huo miaka 15 inakuwa 8 na miezi michache. Lakini sikilizeni: kwa miezi minne ya mwanzo mtu wa dirishani aliziweka kwenye akaunti yangu ya akiba badala ya kwenye deni, na mimi nikawa nashangaa mbona salio la mkopo halisogei. Ilibidi niandike barua inayosema wazi kwamba fedha hizo zipunguze deni la msingi, nikapewa nakala yenye muhuri, na tangu hapo nilikuwa naibeba kwenye mfuko wa shati kila nilipokwenda.

Kwa hiyo mwanangu Aminieli, andika barua, na udai muhuri.

Kutoka: Upendo, Birmingham

Shikamoo Mzee Lyimo. Huku kwetu Uingereza hakuna muhuri, mzee wangu, kuna fomu tu.

Ninasoma mjadala huu kwa uchungu kidogo, kwa sababu kaka zangu kila Krismasi wananiuliza ni kwa nini napeleka fedha kwa mzungu wakati kiwanja cha Tengeru kina migomba na msingi uliosimama tangu 2017. Nilishachukua pasi ya Uingereza, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haikumpa asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Kwa hiyo hati imeandikwa jina la kaka yangu mkubwa, ambaye ninampenda, na ambaye ana watoto sita. Nyumba ninayoweza kuionyeshea karatasi yenye jina langu ni ile ya vyumba viwili ya Birmingham. Nitaimaliza hiyo kwanza, hata kama moyo uko Tengeru. Wanaotuahidi uraia wa nchi mbili kila mwaka wakishaamua, watatuambia.

Kaka Aminieli, jambo moja: watu 19 wakikutumia £400 kwa siku mbili, benki inaweza kuuliza fedha inatoka wapi. Mimi akaunti ilisimamishwa siku tisa. Tunzeni daftari la mchezo lenye majina na tarehe.

Kutoka: Aminieli, 20 Januari 2025

Nawashukuru wote, na Mzee Lyimo, shikamoo. Mke wangu alipiga simu kutoka Reading, akasubiri dakika 41, akaambiwa kwamba kufupisha muda ni fomu yenye sahihi zetu wote wawili, nayo inatumwa kwa posta kwenye nyumba yenyewe. Kwa hiyo inanisubiri kwenye kapeti nyuma ya mlango hadi nitakaporudi Februari. £150 ya kila mwezi nimeisimamisha hadi Juni kama Elia alivyoshauri, na nitaitunza ISA ili nisipatwe na ya Mama Neema.

Naomba tu nikumbushe kwamba sikuuliza utaratibu wa kulalamika, niliuliza kama kuna aliyewahi kurudishiwa.

Kutoka: Elia

Salaam. Huo mchezo wa watu 20 unaanza tena lini, na je, kuna nafasi?