Corolla AE100: fundi kasema injini imekwisha, nimepima kompresheni mwenyewe. Nisomeeni hizi namba

MamaDagaa
Habari za jioni jamani. Niko Nyegezi hapa Mwanza, gari yangu ni Corolla AE100, injini 5A-FE ile ya distributa. Kazi yake ni kunipeleka Mwaloni Kirumba alfajiri na kunirudisha na magunia ya dagaa, kwa hiyo harufu ya ndani msiulize. Kuwaka inawaka. Kilima cha Bugando inapanda na mzigo wake bila kulalamika.

Shida ni moshi wa bluu asubuhi nikiwasha. Unatoka kidogo, kisha unakata. Na oili inapungua, naongeza kabla muda wa kubadilisha haujafika.

Fundi mmoja akapima kompresheni, yaani hewa inavyobanwa ndani ya silinda, akasema kitabu kinataka psi 190 na gari yangu haifiki, ringi za pistoni zimekufa, tushushe injini. Aliponitajia bei nikamshukuru, nikafunga boneti nikaondoka. Nimenunua geji yangu dukani, ile ya kufunga kwa kuzungusha kwenye tundu la plagi, siyo ya kukandamiza kwa mkono.

Nilivyopima: injini ya moto, fyuzi ya EFI nje ili petroli isipulizwe, soketi ya distributa nimechomoa, plagi zote nne nje na waya zake nimezipa namba kwa karatasi ya gundi. Gia huru, hendibreki juu. Kijana wangu alikanyaga mafuta mpaka chini, akapiga stata hadi mshale ukagoma kupanda. Kuanzia upande wa belti, kwa psi: 158, 156, 149, 159.

Swali langu: hiyo ni injini iliyokufa? Habari za kuuza gari sitaki kuzisikia.

kobe_wa_Pasiansi
Mkuu uza hiyo, ongezea hela kidogo uchukue IST. Utakuja kunishukuru.

MamaDagaa
Mkuu ni mjomba wako. Rudi usome mstari wa mwisho.

FundiMashineZiwa
Shikamoo mama. Umepima vizuri kuliko gereji nyingi. Wengi wanaacha plagi tatu ndani, hawakanyagi mafuta, betri imechoka, stata inazunguka kwa kusuasua, halafu injini inahukumiwa.

Sasa hiyo 190. Kitabu cha Toyota kwa injini za familia hiyo kinataja kama 191 kwa injini yenye afya, 142 ndiyo mwisho wa chini, na silinda moja isipishane na nyingine zaidi ya 14. Fundi wako kashika namba ya kwanza tu, mbili zilizobaki kazisahau.

Na kuna jambo watu wa huku hatulifikirii. Tukiona maji mengi na meli tunajiona tuko pwani. Ziwa letu la Victoria liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi, kanieneo yake ni kama asilimia 87 ya ile ya Dar. Pistoni ikishuka inavuta hewa pungufu, ikipanda inabana hicho hicho kidogo. Kwa hiyo injini mpya kabisa inayosoma 190 Dar, ukiileta Mwanza itasoma kama 165. Ile 142 ya mwisho, huku inakuwa kama 124. Wewe una 149 hadi 159, tofauti kubwa ni 10. Hiyo injini nzima, mama.

Bado moja: silinda ya tatu. Mwagia kijiko cha chai cha oili kwenye tundu la plagi, piga stata tena. Ikiruka sana, ringi za hapo zimechoka. Isiposogea, tazama valvu. Zingekuwa mbili zinazopakana zimeshuka kwa pamoja, ningekuambia gasketi ya silinda hedi.

Mabatini_Motors
Hizo habari za mwinuko ni za vitabuni. Mimi niko hapa hapa Mwanza na nimewahi kusoma 185 kwenye injini kama hiyo.

FundiMashineZiwa
Inawezekana kaka, sibishi. Masizi yakijaa juu ya pistoni, nafasi inapungua na namba inapanda. Oili ikivujia ndani nayo inaziba ringi, geji inasoma kubwa. Na geji zenyewe zinatofautiana, ndiyo maana naangalia zaidi silinda zinavyopishana kuliko namba moja iliyosimama peke yake. 185 hapa Mwanza ingenifanya nichungulie ndani.

MamaDagaa
Marahaba mwanangu. Nimemwaga oili silinda ya tatu: kutoka 149 imekwenda 153. Sasa kama ringi ni nzima, moshi unatoka wapi?

FundiMashineZiwa
Hapo ringi za kompresheni hazina kesi kubwa. Moshi wa asubuhi unaokata wenyewe mara nyingi ni sili za valvu. Mpira umekauka kwa uzee, usiku oili inachirizika kwenye shina la valvu na kukaa juu ya pistoni, ukiwasha inaungua. Geji haiwezi kukuonyesha hilo, kwa sababu valvu yenyewe inafunga vizuri.

Hakikisha hivi: shuka kile kilima cha Bugando umeachia mafuta, gari iwe kwenye gia. Ukifika chini kanyaga, kijana wako awe nyuma anaangalia. Likipasuka wingu la bluu pale tu unapokanyaga kisha likaisha, ni sili. Moshi ukifuata muda wote unaokanyaga, hata barabara tambarare ya kwenda Usagara, basi ringi ya oili, ile inayopangusa oili kwenye kuta za silinda, imeganda kwa masizi. Hiyo inakula oili hata kompresheni ikiwa safi, na hapo yule fundi atakuwa na hoja kidogo.

MamaDagaa
Kijana kaangalia. Wingu lilitoka chini ya kilima, likakata, njia nzima ya kurudi Nyegezi hakuna kitu. Injini lazima ishuke?

FundiMashineZiwa
Haishuki. Fundi makini anajaza upepo kwenye silinda kupitia tundu la plagi ili valvu zisidondoke, anatoa springi, anabadilisha sili moja moja hedi ikiwa palepale. Injini yako ina valvu 16, kwa hiyo sili nane za kuingiza na nane za kutolea, na hazifanani. Zihesabu dukani kabla hujalipa.